Meza Isiyo na Uchaga

Voi,
Alhamisi, 4 Septemba 1997

Mama Pauline,

Shikamoo. Leo ni Alhamisi ya tatu kiti chako mbele ya kompyuta hapa ofisini kwangu kiko kitupu. Mteja mmoja alikikalia, nikamhamisha kwa adabu. Mama yangu ananiuliza kila asubuhi, anapokuja kuchukua makaratasi ya kufungia mahamri, kama nimekukosea. Kama nimekukosea nambie, maana najijua: nikianza habari za kompyuta ulimi wangu hauna breki.

Barua hii nampa Katuku, yule anayeshusha kabichi zenu sokoni kwa pikapu ya kijani. Amesema anapita mlangoni kwako.

Kazi uliyoanza mwaka jana imekwisha. Tarehe kumi na nne Agosti ulipiga chapa ndoto ya mia moja arobaini na mbili ya mumeo, Mzee Josephat, na zote ziko kwenye zile diski tatu ulizoondoka nazo mkobani. Kilichobaki ni kuzichapa kitabu, kwa herufi kubwa ambazo macho yako hayatagombana nazo. Hilo linangoja printa mpya, kwa sababu hii niliyo nayo inaandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Jana niliifagia kompyuta. Ile sura unayoiona ukiiwasha, wenyewe wanaiita meza, ilikuwa imejaa kama meza ya karani mlevi. Nilifuta kila kisichokuwa changu, na mafaili yako pia, kwa kuwa unayo kwenye diski na mashine hii ina tumbo dogo. Sasa nikuulize wewe uliyekaa ofisini miaka thelathini: ulishawahi kuona pipa la taka juu ya meza? Wamelichora pale pembeni, juu ya meza, karibu na kazi za watu. Halafu kila ukigusa kitu mashine inakuuliza, "Una hakika?" Unafuta herufi moja, una hakika? Unafuta mwaka mzima, una hakika? Sauti ni ile ile. Nina shangazi analia kilio kile kile kwa chai iliyomwagika na kwa msiba, na siku hizi akilia hakuna anayetoka nje.

Kuhusu yale makaratasi yako ya zamani ya taipureta uliyonakili ndoto kutoka kwake, yaliyoingiwa na mchwa, uliniuliza nini cha kufanya. Yachome. Diski moja inabeba kabati zima.

Mimi mwanao,
Amin Kombo


Mwanda,
15 Septemba 1997

Mwanangu Amin,

Marahaba. Hujanikosea. Sababu ni mzee wangu, hawezi tena kuachwa peke yake. Siku niliyotoka kwako mara ya mwisho nilimkuta barabarani amevaa koti lake la reli, anangoja gari moshi la saa kumi. Huku kwetu milimani reli haijawahi kufika. Jirani alikuwa amemshika mkono, wote wawili wanatazama bondeni kama wanaolisikia likija.

Ananiita Sista. Anafikiri mimi ni muuguzi wa hospitali. Ananishukuru kwa uji na kuniuliza kama mshahara wangu unanitosha. Ni mpole, Amin, na upole huo ndio unaoniumiza. Jina langu la nyumbani ni Wakesho. Waliokuwa wakiniita hivyo wote wamelala, isipokuwa yeye.

Kuna jambo moja tu linalomrudisha, nalo ni ndoto zake. Alfajiri aliyoamka na ndoto, mara chache kwa mwaka, akiwasha moto alikuwa akinisimulia alichoota, nami nikikipiga chapa kwenye taipureta yangu kabla ya kwenda kazini. Tulifanya hivyo miaka ishirini na miwili, bila sababu, kama watu wengine wanavyocheza bao. Sasa nikimsomea, akafika mahali fulani, hunishika kifundo cha mkono na kusema, "Wakesho, halafu?" Basi hapo ninaye kwa dakika kumi, siku nyingine nusu saa. Lakini lazima yawe maneno yake mwenyewe. Nikisimulia kutoka kichwani mwangu ananitazama kama ninamletea habari za ukoo wa watu wengine.

Makaratasi nimeyachoma kama ulivyosema. Wino ulikuwa umefifia, nilikuwa nabahatisha nusu ya maneno, na mchwa walishapanda mguu wa kitanda. Nimepikia nayo siku nne. Kwa hiyo sasa sina cha kumsomea mpaka kitabu chako kije, na nakuomba usichelewe. Diski ziko mahali ambapo nyumbani kwetu hakijapotea kitu tangu enzi za nyanya yangu.

Wewe unalalamikia pipa. Mimi kwenye kompyuta yako nilikosa kengele. Taipureta ikikaribia mwisho wa mstari inalia, unajua umefika ukingoni, unarudi. Kwako mstari unajikunja wenyewe chini na mtu anaendelea kuandika tu, hajui alipo.

Mungu akulinde,
Pauline W. Josephat


Voi,
2 Oktoba 1997

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilifunga ofisi kwanza. Pole sana. Sikujua.

Printa inakuja kutoka Mombasa mwisho wa mwezi huu. Nimeshachagua herufi, ukubwa wa kumi na nane, nene kidogo, zenye miguu kama za taipureta ili jicho lako lizitambue. Ile kengele nayo imeniondolea usingizi. Kweli, kifaa kizuri hukwambia ulipo. Chupa ya chai ya mama yangu, ukiifunga vizuri inafanya "kwi", hata mtu anayeigusa mara ya kwanza maishani anaelewa. Swichi ya taa ya ofisi hii iko nyuma ya mlango, kwa hiyo kila mteja anayeingia anaizima kwa mgongo. Aliyejenga hakuwahi kuingia chumbani mwake kukiwa na giza. Nafikiri waliotengeneza kompyuta nao hawajawahi kuwa na haraka, wala uzee, wala mgonjwa.

Juzi niliota niko ndani ya ile meza. Ni uwanda mpana wa kijani kama bahari ya maji mafupi, hauna upepo, na yale mapicha madogo yamekaa mbali mbali kama nyumba za watu wasiosalimiana. Nikawa natembea nikibisha hodi. Kila nyumba ikifunguka, ndani mna nyumba nyingine ndogo, na ndani yake nyingine, na zote safi, na hakuna moshi popote. Nilikuwa natafuta jiko. Niliamka nikiwa na njaa, mama yangu akacheka mpaka akakaa chini.

Mwambie Mzee Josephat kuna mtu mwingine anayeota mambo yasiyo na kichwa.

Wanasema mvua za mwaka huu zitakuwa za kufuru. Hizo diski, huko ziliko ni pakavu?

Amin


Mwanda,
3 Novemba 1997

Mwanangu,

Hapana pakavu kama hapo. Mvua ilianza na haijakatika. Mashuka hayakauki, viatu vya mzee vimeota ukungu wa kijani, na kuta zinatoka jasho. Barabara imekatika mahali pawili, Katuku anasema anashuka leo kwa kudra ya Mungu na pengine asipande tena mwezi huu. Kwa hiyo nampa diski sasa hivi, nimezifunga kwa kitambaa cha altare cha zamani na plastiki juu.

Harufu ya moshi isikushtue. Zimekaa kwenye uchaga, ile dari ya fito iliyo juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi na maharage. Unajua sisi wa huku chochote tusichotaka kipotee tunakiweka pale. Moshi unafukuza fukusi, joto linafukuza unyevu, na mwizi hawezi kuingia jikoni bila kukanyaga mtu. Mbegu zilizokaa pale zimetulisha mwaka wa njaa wakati wenye magunia ya dukani wanalia. Moto wangu hauzimiki tangu mzee ashindwe kuuwasha, na nikiupepea najiambia pale juu yuko yeye mzima mzima, na hapa chini namtunza.

Jana alinisindikiza mpaka mlangoni akaniambia, "Sista, nenda ukapumzike, na wewe una watu wako."

Chapa haraka.

Pauline


Voi,
8 Novemba 1997

Mama Pauline,

Shikamoo. Diski zimefika. Printa ina matatizo madogo, fundi anaishughulikia. Nitakuandikia. Vumilia kidogo.

Amin


Mwanda,
17 Novemba 1997

Amin,

Katuku alipita kwa miguu kutoka mahali barabara ilipokatika, akanipa barua yako. Nimefanya kazi ya kupiga chapa barua za serikali kwa miaka thelathini. Barua ya mistari minne huandikwa na mtu anayeficha kitu, na wewe hujawahi kunisalimia kwa chini ya ukurasa. Printa mpya umeipa sentensi moja tu, wewe uliyenieleza habari za swichi ya taa.

Leo ni zaidi ya siku sitini mzee hajaniita jina langu. Hajafadhaika, anakula, ananishukuru. Usiku namsikia akizungumza na watu wa stesheni, asubuhi namuuliza ameota nini, anasema, "Sista, sisi wazee hatuoti." Mimi ninayejua ameota mara mia na arobaini na mbili nimekaa pale na kijiko mkononi.

Niambie ukweli. Nimezika watoto wawili, neno la diski halitaniua.

Pauline


Voi,
11 Desemba 1997

Mama,

Shikamoo, na unisamehe kabla sijaanza, maana nikimaliza huenda usitake.

Diski zimeharibika. Siyo moshi, ni joto. Plastiki imejikunja kama kaukau za viazi, na ile sahani nyembamba ya ndani imeshikamana. Nilizipeleka kwa kijana wa Mombasa anayefufua mashine, akaziweka kiganjani akanirudishia. Usijilaumu. Mimi nilikwambia diski inabeba kabati zima, sikukwambia haivumilii jiko. Sijawahi kukuuliza huwa unaweka wapi vitu unavyovipenda. Nimekaa mwaka mzima nikilaumu waliochora pipa mezani, na mimi nilikupa chombo bila kutazama nyumba kinakokwenda. Wewe ulikiweka pale ambapo mtu mwenye akili angekiweka.

La pili ni baya zaidi. Nakala zako zilikuwa kwenye mashine yangu mpaka siku ile nilipofagia. Iliniuliza kama nina hakika. Nilishaulizwa mara hamsini siku hiyo, nikajibu ndiyo, nikaendelea kunywa chai.

La tatu ndilo lililonifanya niandike ile mistari minne, kwa aibu. Unakumbuka kila Alhamisi ukimaliza nilikuwa nakuchapia nakala ya kusahihisha, wewe unaweka alama kwa penseli, unarekebisha kwenye mashine, karatasi inabaki kapuni. Makaratasi ya kapu langu mama yangu hufungia mahamri. Ndoto za mumeo, Mama, za chumbani kwenu, zimezunguka Voi nzima zikiwa na mafuta. Sikufikiria. Kwangu ilikuwa karatasi iliyotumika.

Nilimwambia mama yangu ukweli. Bi Mwanamvita hakunitukana, alivaa buibui akatoka. Amekwenda nyumba kwa nyumba kwa wateja wake, na mimi nyuma yake, wiki nne, tunavuka matope ya mafuriko, tunabisha hodi tukiomba karatasi za kale za mahamri. Nilitegemea tuchekwe. Wengine walicheka. Lakini fundi viatu wa sokoni alikuwa ameibandika moja ukutani, ile ya ndovu wa Tsavo waliopanga foleni kwenye dirisha la tikiti kununua daraja la tatu kwenda Taveta. Alisema akikosa kazi anaisoma. Mwalimu mmoja alikuwa nayo ndani ya Biblia. Nzioka, askari wa duka la simiti, alitoa moja mfukoni mwa koti, imekunjwa mara nane, akanisomea bila kuitazama: mzee amebeba saa ya stesheni kichwani anapanda nayo mlima, na kila nyumba wanatoka kumuuliza saa ngapi, naye anawajibu, "Bado." Hakutaka kuniachia. Nilimnakilia, akanipa yake, akabaki na nakala.

Zimepatikana tisa. Kati ya mia moja arobaini na mbili, tisa. Nimetaka kuzichapa upya kwa herufi kubwa na printa hii mpya imekaa hapa inang'aa, lakini mama yangu amenizuia. Amesema nitume zenyewe, zilizoshikwa na mkono wako na penseli yako, nisizifanyie maarifa. Zipo humu na mafuta yake. Nimetia na miwani ya kukuzia aliyokuwa akitumia babu yangu kusomea msahafu, usiirudishe.

Sijui kama tisa zinatosha kitu. Nimeiondoa ile meza yote, mashine sasa inawaka kioo kitupu. Siitaki iniulize chochote kwa sasa.

Amin


Mwanda,
29 Desemba 1997

Mwanangu Amin,

Bahasha imefika siku moja kabla ya Krismasi. Katuku aliivusha mto akiwa ameishika kwa meno.

Sitakudanganya, niliposoma barua yako nilikasirika. Nilitoka nikasimama mvuani nikiwa na miaka yangu sitini na saba. Nilikasirikia diski, nikakukasirikia wewe, nikaukasirikia uchaga wa nyanya yangu ambao haujawahi kuniangusha. Halafu nilimkumbuka mamako anavuka matope na buibui, nikarudi ndani. Kuhusu watu kuzisoma zile ndoto, nilijaribu kuona aibu ikashindikana. Mzee angefurahi. Alikuwa mtu wa stesheni ya Voi, alipenda kila kitu chake kisafiri.

Nilingoja asubuhi, wakati wake wa zamani. Nikampa uji. Akanishukuru, Sista. Nikatoa ile ya treni inayopanda Mwanda bila reli, inapita juu ya matuta ya kabichi polepole, dereva anawaomba radhi wenye mashamba, abiria wanashuka kuchuma maharage na kupanda tena. Miwani ya babu yako nikaivuta karibu. Karatasi ilikuwa na doa kubwa katikati, maneno mawili hayasomeki, nikasita.

Akanyoosha mkono akaichukua. Nilidhani anataka kuichana, siku hizi huchana vitu. Aliipeleka puani. Akainusa tena na tena, macho ameyafumba. Amin, karatasi zile zote zinanuka iliki. Mimi nilikuwa nimeona mafuta tu.

Akasema, "Mahamri ya stesheni." Akafumbua macho. "Wakesho, umetoka Voi?"

Nikamwambia nimetoka Voi.

"Mbona umechelewa?"

Nikamwambia barabara ilikatika. Akanihurumia, akanipapasa miguu kuona kama imelowa. Tulikaa naye mpaka jua likapanda, tukasoma zote tisa. Ile ya saa alinisahihisha: saa haikuwa kichwani, ilikuwa mgongoni, nilikosea mimi mwaka themanini na mbili na hakupenda kuniambia. Saa sita aliniuliza Sista yuko wapi, yule mwema. Nikasema amekwenda kwa watu wake. Kufikia jioni Sista alikuwa amerudi, sitarajii vingine. Lakini kila asubuhi tangu siku hiyo nampa karatasi anuse kwanza, na kila asubuhi nakuwa nyumbani kwangu, siku nyingine robo saa, siku nyingine mpaka chai.

Unasema umeondoa meza yote. Irudishe, una kazi za watu. Ila ukikutana na hao wanaochora, waambie wamesahau kuuliza mtu anapotaka kukumbuka huanza na nini.

Juzi akaota. Ya mia moja arobaini na tatu, anasema kuna kijana amesimama kwenye uwanda wa kijani anabisha hodi nyumba zote, naye mzee akamwita aje aote moto. Sikuwahi kumsomea barua yako ya Oktoba, Amin, au kama nilisoma kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, sikumbuki. Ndoto hiyo nimeiandika kwa mkono nyuma ya karatasi hii. Ipige chapa, herufi kubwa, nakala mbili. Moja ibaki kwako. Nyingine, kabla hujampa Katuku, mpe mamako aifungie mahamri.

Wako,
Wakesho